Jina la Gisiri Kwenye Kitabu cha Shule

"Huyu msichana ni wangu. Mimi ndiye baba yake. Anayebisha alete karatasi."

Makori aliyasema hayo mbele ya watu zaidi ya ishirini, kibarazani kwa mzee wa mtaa hapa Suna, mwezi wa tatu mwaka wa 1968. Hakupandisha sauti. Alikuwa amekunja nne kitini, ndani ya koti lake la kijivu, kama mtu anayesubiri kuletewa chai.

Mbele yake, chini kwenye mkeka, aliketi ajuza mmoja aitwaye Nyasuguta. Kando ya ajuza alikuwa Nyangi, mama wa huyo msichana. Na katikati yao, amesimama na sare yake ya shule, msichana mwenyewe... Milka, miaka kumi na minne.

Nyasuguta alimtazama Makori kwa muda mrefu. Huyu ndiye aliyewapokea walipovuka mpaka. Huyu ndiye aliyekula ugali wake miaka minne, akimwita mama.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakukosea hata kidogo.

Sasa wasomaji wangu, kaeni kitako. Mjukuu ndiye ananichapia hii, maana simu zenu zina herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nimemwonya asiongeze chumvi. Na mkiona ninamjua huyu ajuza mpaka ndani ya moyo wake, msiniulize nimejuaje. Mtajua mbele.

Turudi nyuma kidogo.

Nyasuguta aliolewa upande wa Tarime, Tanganyika. Maisha yake yote alizaa mtoto mmoja tu, wa kiume, akamwita Gisiri. Gisiri aliishi miezi minne. Alikufa mwaka wa nzige, hajaota hata jino moja.

Baada ya hapo hakushika mimba tena.

Nyinyi wa mjini mtashangaa, lakini sisi Wakuria tuna njia yetu. Mwanamke asiye na mwana haachi nyumba yake izimike. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, awe mke wa yule mwana aliyemkosa. Watoto watakaozaliwa ni wa yule mwana. Aliyewazaa kwa damu haulizwi, wala hana dai. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye mtoto, kwisha.

Ndivyo Nyasuguta alivyomwoa Nyangi, kwa ng'ombe wake mwenyewe, awe mke wa Gisiri. Nyangi akamzaa Milka.

Kwa hiyo baba yake Milka alikuwa mtoto wa miezi minne, aliyezikwa miaka ishirini na zaidi kabla Milka hajazaliwa.

Cheka ukitaka. Nyasuguta hakuwahi kucheka. Kila mara mtu alipoita "binti Gisiri," ajuza alisikia mwanawe akiitwa, na hakuwa na njia nyingine ya kumsikia.

Mumewe alipofariki, shemeji zake walichukua ng'ombe, wakachukua shamba, kisha wakaanza kumtolea macho Nyangi. Mwisho wa 1963 ajuza akapiga moyo konde. Wangevuka waingie Kenya, waje Suna, alikosikia kuna shamba la kukodi na shule karibu.

Shule ndiyo iliyomvuta zaidi. Sababu yake ilikuwa moja, na hakumficha mtu. Alikuwa amesikia kwamba shuleni jina la mtoto na la baba yake huandikwa kwenye kitabu kikubwa, na kitabu hicho hakitupwi kamwe. Alitaka jina la Gisiri liingie humo kabla yeye hajafa.

Mwalimu wa Milka kule Tarime alimwandikia barua ya uhamisho, akaigonga muhuri. Nyasuguta hakujua kusoma, kwa hiyo akaomba asomewe. Mwalimu akasoma. Akaomba tena. Mwalimu akasoma tena, polepole, na alipofika kwenye jina la Gisiri ajuza akamshika mkono ili arudie hapo tu.

Barua ilisema hivi:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Mtoto Milka amesoma kwetu hadi darasa la tatu. Ana adabu na ni hodari wa kusoma. Baba yake kwa mila ya hapa ni Gisiri, mwana wa Nyasuguta, aliyefariki angali mchanga. Mtoto ni wa nyumba ya Nyasuguta, wala si wa mtu mwingine yeyote. Tafadhali mwandikeni hivyo. Mpokeeni kama tulivyompokea sisi."

Ikumbukeni hiyo barua.

Ajuza aliikunja, akaitia ndani ya kopo lake la ugoro, wakavuka kwa miguu. Nyangi alibeba vyungu na Milka alibeba kuku.

Suna watu walikuwa wanaongea Kiluo. Nyasuguta alikuwa na Kikuria chake na Kiswahili cha kubahatisha. Ndipo akatokea Makori, mnunuzi wa ngozi kutoka Ntimaru, Mkuria mwenzao, mtu wa baiskeli na koti, aliyeongea kila lugha iliyopita sokoni. Aliwatafutia nyumba. Akawaonyesha kisima. Mgeni njoo, mwenyeji apone... yeye ndiye aliyepona.

Siku moja akaomba aione barua ya mtoto. Akaisoma kimya, yote, mpaka kwenye sahihi.

"Mama, kuna mtu umemwonyesha hii?"

"Bado."

"Usionyeshe. Ona huu muhuri. Ni wa Tanganyika. Hii ni nchi ingine sasa, bendera yao haijamaliza hata miezi miwili. Wakijua mmetoka nje, watawarudisha kwa shemeji zako."

Lile neno shemeji lilitosha. Nyasuguta aliirudisha barua kwenye kopo, akakaza kifuniko.

Hapo ndipo alipokosea. Lakini mimi simlaumu. Karatasi za muhuri alizowahi kuziona zilikuwa za kodi na za kuitwa barazani. Angejuaje kwamba upo muhuri wa kheri?

Jumatatu moja ya Januari 1964 wakaenda shuleni. Mwalimu mkuu aliitwa Dishon, mtu wa kisiwa cha Mfangano, mpole. Makori alifuatana nao kama mkalimani. Kile kitabu kikubwa kilikuwa mezani, kimefunguliwa, na Nyasuguta hakukiondolea macho.

"Baba ya mtoto?" mwalimu akauliza kwa Kiswahili, kalamu mkononi.

"Gisiri." Hilo halikuhitaji mkalimani.

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Pole, mama. Lini?"

"Mwaka wa nzige."

Mwalimu Dishon alihesabu kwa vidole. Akamtazama Milka, mtoto wa miaka kumi. Akauliza huyo Gisiri alikufa akiwa na umri gani, na alipojibiwa akaweka kalamu chini. Karani aliyekuwa pembeni akaangua kicheko. Watoto waliokuwa dirishani wakacheka pia, na hao ndio waliokuja kuleta balaa.

Dishon mwenyewe hakucheka. Alisema hata kwao mjane akizaa, mtoto huitwa wa marehemu, hilo analijua vizuri.

"Lakini marehemu wetu huwa alikuwa mtu mzima, mama. Inspekta akikuja apate nimeandika mtoto mchanga ndio baba, kazi yangu imeisha."

Kisha akamgeukia Makori, akamwuliza kwa Kiluo kama walikuja na barua ya shule ya kule. Akasema mwalimu wa kwanza akiwa ameandika hivyo, yeye atamfuata tu, na inspekta hatakuwa na neno. Mwalimu Dishon mwenyewe aliyasimulia haya miaka mingi baadaye, akiwa mzee.

Makori akamjibu kwa Kiluo kwamba barua ilianguka mtoni.

Halafu akamwambia Nyasuguta kwa Kikuria, "Anataka jina la mwanamume aliye hai. Bila hilo mtoto arudi nyumbani. Niandike mimi. Ni wino tu, mama."

Nyasuguta alikitazama kile kitabu. Amevuka nchi kwa ajili yake. Akamtazama Milka, ambaye tayari alikuwa ameshika ukingo wa meza, anasoma majina ya wenzake kinyumenyume.

"Andika," akasema.

Hakujua kusoma, lakini alijua kwamba lililoandikwa pale si la mwanawe.

Kwa kukosa karatasi na Kiingereza, Milka akarudishwa darasa la pili. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni wale watoto wa dirishani.

"Milka, baba yako ameanza kutambaa?"

"Milka, baba yako ameota meno?"

Kila asubuhi hivyo, miaka na miaka. Mtoto akitaka kukuua kwa maneno, anajua pa kukudunga.

Lakini mwalimu alipoita majina, aliita Milka Makori. Na siku za kufunga shule Makori mwenyewe alifika na baiskeli, akakaa kwenye viti na wazazi, akapiga makofi. Alimnunulia viatu. Darasa zima, wasichana wenye viatu walikuwa wawili. Taratibu Milka akaanza kumwita baba, kwanza shuleni, halafu hata nyumbani, na ajuza akisikia anaendelea kupura ulezi wake.

Nyasuguta naye alikuwa akija siku za kufunga shule. Alikuja mpaka siku Milka alipomwambia, "Nyanya, usikuje tena hapo karibu. Wananicheka."

Tangu hapo alisimama nje ya ua. Alipiga makofi kutoka huko huko.

Mwaka wa 1968 vijana watatu wa Makori walikuwa wanataka kuoa na zizi lake lilikuwa tupu. Milka alikuwa na miaka kumi na minne. Mwenye macho haambiwi tazama. Msichana huleta ng'ombe, na ng'ombe huenda kwa baba.

Makori hakuwa mjinga. Hakupeleka shauri lake kwa wazee wa Ntimaru, kwa sababu Wakuria wangemfukuza kabla hajaketi. Alilipeleka kwa mzee wa mtaa wa Suna, Mzee Javan, Mjaluo mwema kabisa, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili.

Na hapo ndipo tulipoanzia.

Makori akatoa ripoti ya shule. Mzee Javan hakuweza kuisoma, na wazee wenziwe hawakujua kusoma, kwa hiyo akampa Milka. "Wewe ndio msomi hapa," akasema. Milka akasoma. Jina la mwanafunzi, Milka Makori. Jina la baba, Makori.

Nyangi akasema mtoto ni wa nyumba ya Gisiri na ng'ombe zilitoka kwa Nyasuguta, kila mtu Tarime anajua. Mzee Javan akasema Tarime iko mbali.

"Mama," akamwambia ajuza, "wewe uko na karatasi?"

Nyasuguta akatia mkono kifuani, akatoa kopo la ugoro.

Makori alikunjua mguu. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mtu mwenye hofu, na Nyasuguta aliiona. Miaka minne alikuwa ameuogopa ule muhuri. Sasa wamrudishe wakitaka, alikuwa hajali tena. Akampa Milka barua kwa furaha, kwa sababu hatimaye jina la mwanawe lingesomwa mbele za watu.

Milka hakuwa ameiona barua ile tangu azaliwe. Aliisoma kimya kwanza. Macho yakafika katikati ya karatasi, yakasimama.

Akamtazama Makori. Akaitazama baiskeli. Akawatazama wasichana wawili wa darasa lake, waliokuwa wameegemea ua wakichungulia, na mmoja alikuwa ameshaweka kiganja mdomoni kuzuia kicheko.

Ndipo akasoma kwa sauti safi.

"Kwa Mwalimu Mkuu. Mtoto Milka amesoma kwetu hadi darasa la tatu. Ana adabu na ni hodari wa kusoma. Mpokeeni kama tulivyompokea sisi."

Akaikunja.

"Imeisha?" akauliza Mzee Javan.

"Imeisha, mzee."

"Hakuna jina ya baba?"

"Hakuna."

Makori akakunja nne tena. Alijua vizuri kilichokuwa kwenye karatasi ile, na alijua mtoto amefanya nini.

Mzee Javan akamgeukia Nyasuguta, akamwuliza kama ndivyo ilivyo. Nyangi akamgusa mkono aseme kitu. Ajuza alimtazama Milka. Milka alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ndivyo alivyosoma," akasema Nyasuguta.

Basi. Shauri likaisha. Makori akafunga sanduku la Milka nyuma ya baiskeli, na wiki ile ile Nyasuguta na Nyangi wakarudi Tarime, kwa kaka yake Nyangi, wamebeba vyungu vile vile.

Milka alijiambia ajuza amezeeka. Barua alisomewa zamani, atakuwa amesahau kilichomo. Na yeye sasa ana baba aliye hai, mwenye nyumba ya bati, na hakuna atakayemcheka tena.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Agosti.

Siku moja alirudi kutoka shule akakuta ng'ombe wageni zizini. Akauliza, "Baba, hizi ng'ombe ni za nani?"

"Ni zako," akasema Makori.

Wiki iliyofuata Milka alikuwa Ntimaru, ameozwa kwa mtu aliyemzidi miaka ishirini. Darasa la sita hakulimaliza. Sare yake ilibaki kwenye kamba ya nguo. Viatu alivuliwa, akapewa binti mdogo wa Makori.

Wasomaji wangu... nimechoka kumwita Milka, Milka, kama mtu baki.

Milka ni mimi.

Ni mimi niliyeruka ile mistari mitatu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijua kusoma kuliko wote waliokuwa pale, na nikakitumia kisomo changu kumzika baba yangu mara ya pili.

Desemba 1969 niliponyoka kwa siku mbili, mtoto mgongoni, nikavuka kumtafuta nyanya yangu. Nilimkuta amelala juani kwenye ngozi, mwembamba, macho yamekwisha. Nyangi, mama yangu, alinikumbatia kwa muda mrefu. Nyanya alinyoosha mkono akampapasa mtoto kichwa, kisha akanipapasa mimi miguuni. Alikuta niko pekupeku, akaguna.

Nikapiga magoti. "Nyanya, ile barua..."

Akainua mkono ninyamaze. Halafu akaanza, kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha yule mwalimu wa Tarime.

"Kwa Mwalimu Mkuu. Mtoto Milka amesoma kwetu hadi darasa la tatu..."

Aliisema yote. Mwanamke ambaye hakujua herufi a wala be, hakuacha neno hata moja. Alipofika kwenye jina la Gisiri alisimama, akalirudia hapo tu, kisha akaendelea mpaka mwisho.

"Ulijua? Siku ile kwa Mzee Javan, ulijua?"

"Nilisikia uliporuka."

"Kwa nini hukusema, nyanya?"

Aligeuza uso wake upande wangu.

"Ningesema, wangekuita mwongo mbele ya wenzako, nawe usirudi shule tena. Nikaona Gisiri ameshakufa. Wewe ulikuwa bado unasoma."

Nililia mpaka mtoto naye akaanza kulia. Yeye hakulia. Aliniuliza tu kama nilimaliza darasa la saba, nami nikazidi kulia, akaelewa.

Alifariki mwezi uliofuata. Kopo la ugoro ninalo, na barua imo ndani, imekatika kwenye mikunjo.

Sasa nina miaka sabini na moja. Makori alikufa, ng'ombe zake zilikufa, na wale wasichana wa kwenye ua sijui hata waliolewa wapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunibebea debe la maji. Hilo ndilo somo langu kwenu, wanangu, hasa nyinyi mnaoona haya kusimama na mama zenu shuleni kwa sababu ya kanga iliyochakaa au lugha ya nyumbani. Usimkane anayekupigia makofi nje ya ua kwa ajili ya watu wanaokucheka.

Kitambulisho changu mpaka leo kinasema Milka Makori. Niliwahi kwenda kubadilisha. Yule kijana wa ofisini aliniuliza cheti cha kifo cha baba, na baba alikufa lini. Nikamwambia mwaka wa nzige. Alinicheka, nikarudi nyumbani.

Ndiyo maana nimemwambia mjukuu anichapie haya yote. Nyanya alitaka kitu kimoja tu, jina la mwanawe liandikwe mahali ambapo halitupwi. Nasikia mtandao wenu nao hautupi kitu.

Mimi naitwa Milka. Baba yangu ni Gisiri, mwana wa Nyasuguta, aliyefariki angali mchanga.

Msiniandikie pole hapo chini. Andikeni jina lake tu.